Watumaji Kumi na Mmoja

Simjui Bi Mize Shaame wa Jadida, Wete.
Namjua kwa tarakimu.
Kila tarehe ishirini na saba, kutoka Sohar,
riyali arubaini, mtumaji Massoud Kombo Mjaka,
uhusiano: mwana. Sababu: matumizi.
Miaka sita. Ramadhani huongeza kumi.
Mwaka juzi, mwezi wa pili, zilikuja mia na ishirini,
ndipo nilipofungua jalada lake mara ya kwanza.
Mabati, nilidhani, masika yanabisha hodi.
Hakuna aliyeniuliza nilichodhani.
Kazi yangu ni kutazama fedha zinazovuka bahari
na kusema zipi zinatembea kama mwizi.

Jumatatu skrini ikageuka nyekundu.
Watumaji kumi na mmoja, siku mbili, mpokeaji mmoja.
Riyali tano. Kumi na tano. Nane.
Hakuna hata mmoja aliyegusa kiwango cha kuulizwa.
Kitabu chetu cha mafunzo kinalieleza jambo hili:
fungu kubwa hukatwa vipande kama papa mnadani,
kila kipande kikapita mlangoni peke yake,
ndani vikaungana, akawa papa tena.

Na sikitukani kitabu.
Kwa alama hizi hizi mwaka jana nilimnasa
mwenye duka la vipuri, pale Amani,
lisilokuwa na hata skrubu moja.

Nikazizuia. Kitufe kimoja, mlio mdogo
kama wa njiti ya kiberiti ikivunjika.
Nikampigia Haroub, wakala wetu wa Wete:
"Muulize, hao ni nani kwake, na fedha hizo ni za nini?"
Haroub akanyamaza kwanza.
"Yuko hapa mbele yangu. Anasema hawajui.
Anasema walikuwa wakilala chumba kimoja na mwanawe."

Walikuwa.

Nikaisoma tena ile orodha, polepole safari hii.
Watatu Wapemba, mmoja Mmalabari, waliobaki Wabengali,
mafundi wa viyoyozi na wapaka rangi,
kila mtu na alichobakiwa nacho katikati ya mwezi.
Hawakukata kitu.
Hakikuwahi kuwa kizima.

Fomu ya kuachilia ina sababu zake tayari:
karo, matibabu, ujenzi, biashara, zawadi.
Nikaipandisha, nikaishusha.
Ubani haumo.
Nikachagua "mengineyo", na kwenye kisanduku
kisichopokea zaidi ya herufi hamsini
nikaandika: Mwana kafa. Wenzake wamemchangia mama.
Mkuu wangu akairudisha kabla ya adhuhuri:
"Kiambatanisho kiko wapi?"
Kilikuwa Sohar, hospitalini, kikingoja muhuri.
Siku nne.
Haroub, nilisikia baadaye, alimkopesha mchele wa hitima
kutoka dukani kwake, bila kuandika popote.

Tarehe ishirini na saba nilifika kazini mapema.
Skrini ilikuwa kijani, juu hadi chini.
Mfumo wetu haupigi kengele
kwa fedha zisizokuja.