Ukurasa wa Kumi na Nne

Filamu haikufika Ruwi mwaka ule,
au ilifika, na baba akasema sinema ni giza la kulipia.
Kilichofika ni katuni yake: kurasa thelathini na sita,
wino wa zambarau umevuka mistari,
kila nyota imepigwa chapa mara mbili,
kama aionavyo mlevi.
Varughese, mwenye duka la vitabu nyuma ya kituo cha teksi,
aliniuzia kwa baisa mia tatu, bila jalada.

Kiingereza hakuna aliyekijua nyumbani.
Shangazi Zuwena akaleta rangi nyeupe kutoka ofisini kwa mumewe,
ile ya kufutia makosa ya taipureta,
akapaka kila kiputo cha maneno,
akapuliza kikauke,
akaandika Kiswahili kwa kalamu ya risasi.

Basi roboti akasema Kimakunduchi.
Jemadari wa himaya, kofia ya chuma hadi kidevuni,
akasema kama karani wa pasipoti:
"Njoo kesho. Picha hizi hazifai."
Na rubani, kabla ya kulipua sayari,
akapiga bismillahi.
Nilikuwa na miaka tisa. Niliamini neno kwa neno.

Ukurasa wa kumi na nne rubani anarudi kwao.
Nyumba ya mviringo, miezi miwili juu ya paa,
mwanamke amesimama mlangoni.
Shangazi alimwandikia:
"Ingia. Wali umepoa tu, haujachacha."

Juzi, kule Seeb, wameirudisha filamu kwenye skrini kubwa.
Nikaenda na binti yangu Rayya, bisi ndoo nzima.
Nikaingoja ile nyumba.
Vita vikaja. Roboti akaja
(anaongea kama mashine tu, maskini).
Taa zikawaka.

Rayya anayajua mambo haya.
Wachoraji, aliniambia tukitafuta gari,
walipewa maandishi kabla filamu haijakatwa;
kilichotupwa sakafuni studio
kikabaki kwenye katuni, hakuna aliyewaambia wakifute.

Usiku nikaitoa sandukuni.
Rangi imepasukapasuka kama ardhi ya chumvi baada ya mvua.
Nikauinua ukurasa, taa ya simu nyuma yake,
na chini ya mwandiko wa shangazi
kikajitokeza kivuli cha maneno ya kwanza.
Macho ya Rayya makali kuliko yangu. Akasoma:
mwanamke anasema
hapa hakuna mtu wa jina hilo.

Shangazi hakujua Kiingereza, nimekwisha sema.
Aliondoka Unguja ana miaka kumi na tisa,
usiku, na bunda moja la nguo,
mama yake kasimama mlangoni.
Kilichosemwa pale hakutusimulia,
nasi tulikuwa na roboti wa kushughulika naye.

"Tuikwangue?" Rayya akauliza.
Ana kucha ndefu siku hizi.
Nikaufunga ukurasa,
nikaenda jikoni kuona kama wali umebaki.