Sahani Hairudi Tupu

Madha, kipindi cha tatu, kiyoyozi kinakohoa.
Nafundisha kwa Kiarabu, nahesabu kwa Kiswahili.
Nimeandika ubaoni: DOLA,
na chini yake mambo manne ambayo kitabu kinasema
pasipo hayo hakuna nchi:
ardhi, watu, serikali,
na la nne, chaki ikanikatikia hapo,
kutambuliwa na wengine.

Muhanna, mwana wa fundi pampu, kanyoosha kidole:
"Sisi tuko wapi hapo, Mwalimu?"
Nikachora duara. Hizi Falme, zimetuzunguka.
Ndani yake duara la pili: sisi,
kipande cha Omani kilichochanika mbali na shuka lake.
Ndani yetu duara dogo: Nahwa,
na Nahwa ni yao tena.
Darasa likaangua kicheko. "Mwalimu kachora jicho!"
Jicho, basi.
"Na mboni ya nani?"
Kengele ikaniokoa.

Nikienda Nahwa kununua mkate
simu hufika kabla yangu, inatetemeka mkobani:
karibu ugenini.
Hakuna kizuizi, hakuna askari wa kugonga muhuri.
Kuna kona, na tangi la maji lenye bendera nyingine,
na mbuzi wasiosoma ramani.

Jumatatu beberu wa Bi Ghubaisha alivuka.
Alikula bamia zangu mistari miwili,
akamalizia mche wa mlimau niliouotesha kwa mbegu.
Mume wangu Hamdun, akikoroga chai:
"Tupeleke mashtaka Umoja wa Mataifa."
Sikucheka. Bustani yangu mita sita kwa nne,
na chenye kidogo ndicho chenye uchungu.
Nikamfunga beberu kwenye mtungi wa gesi,
mateka wa vita, anatafuna ushahidi.

Alasiri Bi Ghubaisha akaja.
Geti lilikuwa wazi. Hakuingia.
Alisimama juani na sahani ya harisi, samli inaelea,
akaita mara tatu: "Enyi wenye nyumba!"
Mpaka nilipoitika.
Habari ya bamia hatukuitaja.
Alimchukua mbuzi wake, akaacha sahani.

Usiku, naosha ile sahani, nikamkumbuka bibi yangu Zuwena,
mzaliwa wa Wete, aliyeshuka Maskati na sanduku la bati.
Karani akamuuliza, "Wewe wa nani?"
Ardhi alikuwa nayo, kichwani.
Watu alikuwa nao, kwenye picha.
Serikali alikuwa nayo: jiko lake, na mwiko.
La nne tu halikuwapo,
akaliongojea miaka mitatu kwenye chumba cha kupanga Matrah.
Siku jina la babu yake lilipoonekana daftarini
wakamwambia, "Kumbe wewe wetu."
Akajibu, "Mimi nilijua. Nilikuwa nakungojeeni nyinyi."
Ndiye aliyenifunza kusuka ukili, na haya:

Nchi kama nyumba yangu, mlango una mwenyewe,
Hata uwe mkwe wangu, piga hodi uitiwe,
Nami kwenda kwa mwenzangu, nibishe nikubaliwe,
Asojua hodi kwangu, kwake asiheshimiwe.

Kitabu cha wizara kina kurasa kumi na nne
kuhusu kutoingilia mambo ya ndani.
Bibi alimaliza kwa mistari minne,
akaenda kuangalia wali.

Ijumaa nimekaanga vitumbua, kumi na viwili,
viwili vimeungua, nimevipanga chini.
Sahani ya watu hairudi tupu.
Na isidhaniwe nimesamehe bamia.
Sijasamehe. Deni ni deni, na ujirani ni ujirani,
kila kimoja na daftari lake.

Kwenye kona simu ikatetemeka: karibu ugenini.
Geti la Bi Ghubaisha liko wazi, pana,
naona mpaka kanga ya jikoni, mpaka birika.
Beberu kasimama kivulini, ndani,
ananitazama kama waziri.
Jua linanichoma utosi, mafuta yananichuruzika kiganjani.
Hatua moja tu.

"Hodi," nasema.
Nangoja.