Mkanda Mmoja Begani

Bwana Mkadiriaji wa Hasara,
umeniandikia mara tatu, na mara tatu
nimeigeuza bahasha yako, nikaandika nyuma yake
orodha ya nyimbo, mafuta ya gari, deni la Ifor.
Leo nimekaa. Mvua ya Dolgellau inapiga bati la gereji,
fidla imo kastani, kalamu ndiyo iliyo mkononi.

Unauliza: ajali ilipotokea,
Gwilym Rhydderch alikuwa mpigaji au alikuwa mtu?
Si kwa maneno hayo, najua. Wewe umeandika
"mmoja wa watumbuizaji, ama mmoja wa umma".

Kwanza ujue, bima ile niliikata mimi.
Kila Januari, kwa malipo ya harusi mbili,
na kila Januari wenzangu wakanicheka:
Non analipia anguko la watu asiowajua.
Nikawaambia, ajali haina kinga,
basi na iwe na karatasi.
Na mwaka wa kwanza tu, kule Bala,
mama wa bwana harusi alijikwaa kwenye waya wa spika,
akavunja meno ya mbele,
nanyi mkalipa, meno yote mawili, bila kelele.
Tangu hapo naufunika waya kwa utepe
kama anayefunga kidonda cha mtoto.

Sasa usiku wenyewe.
Ukumbi wa wafuga kondoo, Novemba, watu themanini,
sakafu imepigwa nta hadi taa zinajitazama.
Jukwaa ni masanduku ya mbao, kimo chake goti.
Tulikuwa tumemaliza wimbo wa tisa.
Mapumziko? Ndiyo na hapana.
Ifor alikuwa bado anaigusa besi
taratibu, kama anayepapasa paka.

Akainuka Marged Bebb, mjane wa daktari wa mifugo,
aliyekuwa haonekani dansini huu mwaka wa pili.
Akasimama peke yake katikati ya ile nta,
mikono inaning'inia, viatu vipya.
Gwilym alimwona. Nami nilimwona Gwilym akimwona.
Akauvua mkanda wa kushoto wa kodiani.
Wa kulia akauacha.
Akashuka. Kodiani ikapumua yenyewe,
sauti moja ndefu ya chini, isiyo katika wimbo wowote,
na mguu wake ukatua pasipo na kitu.

Nyonga. Na vitufe kumi na vinne.
Nilivihesabu nikivitoa chini ya viti kwa ufagio.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa.
Hati yako, ukurasa wa sita, yasema vingine:
anayetunzwa ni mtazamaji.
Umma ni kila mtu isipokuwa sisi,
sisi tunaoingilia mlango wa nyuma, penye mapipa,
tukabeba spika mgongoni, tukacheka,
tukaondoka watu wameshalala.

Ifor anataka niandike kwamba mikanda yote ilikuwa imevuliwa.
"Mkanda mmoja tu, Non. Nani aliuona?"
Gwilym, pale kitandani, hataki niandike lolote;
anauliza tu kama Marged alipata wa kucheza naye.
Hakupata. Alikishika kichwa chake mapajani
mpaka gari la wagonjwa lilipofika,
na viatu vile vipya akavisahau ukumbini.
Viko kwangu.

Sijui sheria, Bwana Mkadiriaji.
Najua kupiga, na kungoja mwenzangu apumue ndipo niingie.
Kwa hiyo naandika nilichokiona:
mkanda mmoja begani, mmoja hewani.
Nusu yake ilikuwa bado kazini.
Nusu ilikuwa imekwenda kucheza.
Lipeni hiyo.

Na kama utauliza tena kuhusu waya:
ulikuwa umefunikwa. Niliufunika mwenyewe,
kwa magoti yangu, kutoka ukutani hadi jukwaani,
kabla hajaingia mtu.