Nane au Moja

Tusekile aliliingiza dukani limefungwa kwenye kitenge,
akalitua kati ya saa tatu zilizokufa na mkebe wa betri.
Mvua ya Tukuyu ilikuwa juu ya bati, ile isiyojua kuaga,
ikabidi apaze sauti:

"Mnunuzi wa Mbeya kaligeuza, kaligeuza tena.
Kasema halina muhuri. Hakuna mia tisa ishirini na tano,
hakuna simba, hakuna herufi.
Kanitajia bei ya sufuria."

Nikavaa lenzi ya baba jichoni.

Huko lilikofuliwa, nikamwambia,
fundi hakusimamiwa na serikali mgongoni.
Alichora mnyama kwenye kitako, akawa ndiye sahihi yake.
Na huyu hapa: kishungi, mguu mmoja juu,
mkia umejaa macho.
Tausi.

"Sisi tulimwita kuku," akasema.
"Bibi alisema kuku wa Burma, ndiyo maana kanona mkia."

Chini ya tausi, tarakimu nne.

Babu yake, Asangalwisye, alikuwa Keya.
Alirudi vitani na homa, blanketi, bakuli hili
na daftari ambalo panya walikula jalada tu.
Ndani, kwa penseli, amenakili hesabu za kule
asije akapunjwa sokoni akinunua sukari:
sifuri, duara lililofungwa.
Mbili ina mkia unaoshuka.
Moja ni duara lenye mlango kushoto.
Nane ni duara lenye mlango kulia.

Tukasoma, yeye na daftari, mimi na lenzi.
Moja. Mbili.
Ya nne, moja tena.
Ya tatu naiona tumbo,
siuoni mlango.

Ikiwa nane, ni elfu moja mia mbili themanini na moja;
ongeza mia sita thelathini na nane, ndivyo kalenda yao inavyovuka kuja kwetu:
1919.
Ikiwa moja, 1849,
Mjerumani hajapanda bado mlima huu kutafuta pa kuweka boma.
Miaka sabini
imejibana kwenye ufa mwembamba kuliko unywele.

Nani kauziba?

Bibi Subilaga. Kila Jumamosi,
majivu ya maganda ya ndizi na gunzi la mahindi,
akisugua kitako kuliko ukingo
kwa sababu wageni, alisema, hutazama chini ya vitu.
Alisugua miaka arobaini.
Alisugua mpaka tarehe ikalainika kama utosi wa mtoto.

Tusekile hakucheka.
Akaninyang'anya bakuli, lenzi hakuitaka.

"Hapa," kidole kikaingia kwenye bonde la ukingoni,
"shangazi Bupe anazaliwa, mkunga kaliangusha maji yakiwa ya moto.
Weusi huu, mwaka wa njaa, tulikaangia kumbikumbi.
Na hii mikwaruzo ni yangu.
Msumari. Darasa la kwanza, mwaka themanini na moja.
T. T. T nyingine imelala chali.
Nilichapwa."

Nikachukua kalamu, nikaandika nyuma ya risiti:
Fedha. Kazi ya Burma. Alama ya tausi.
1919, au 1849.

"Kata mmoja," akasema.

Nikarudisha lenzi. Nikageuza bakuli kwenye taa,
nikalipulizia pumzi, nikasubiri ukungu ukauke,
maana pengine ukungu hukaa ndani ya mstari ambao jicho limeshindwa.
Ukakauka wote kwa pamoja.

"Siwezi," nikasema.

Akanilipa parachichi manne, moja limepondeka.
Kitenge akajifunga mabegani.
Mlangoni akaitazama mvua, akaitazama tena,
kisha akalivaa bakuli kichwani kama kofia
na kuvuka barabara kuelekea stendi,
tausi akiwa juu,
akinyeshewa.