Pima Moja ya Uzi

Cherehani yangu imekuwa meza.
Imebeba chupa ya chai, madaftari ya Kwandu,
chaja ya simu, bakuli la dagaa wa kesho.
Kipepeo wa dhahabu aliyechorwa ubavuni
anachungulia chini ya kitambaa
kama mgeni aliyekaribishwa ndani
kisha akasahauliwa sebuleni.

Natoka Igogo saa tatu usiku,
kiwandani, kwenye barafu na minofu ya sangara.
Kisu siku nzima. Kisu na mfupa, kisu na ngozi.
Vidole vyangu hufika nyumbani baada yangu,
vinapanda mawe ya Mabatini polepole,
vinanikuta nimeshavua viatu,
wala havitaki kusikia habari ya sindano.

Gauni la Kwandu nililikata mwezi wa pili.
Chaki ingali imeandika kiuno chake,
kiuno ambacho hakipo tena:
mtoto amerefuka, chaki haina habari.
Vipande vimekunjwa ndani ya rambo la zamani.
"Jumapili," nasema. Na Jumapili
inakuja na ndoo zake, na sare za shule,
na msiba wa upande wa shemeji, huko Kisesa.

Mama Ng'washi, fundi wa kweli, mwenye kibaraza Makoroboi,
aliniuliza bila kuinua macho: "Umeacha?"
Sindano huchoma ikapita.
Neno lile lilibaki ndani, na fundo lake.

Basi nimejiwekea sheria, ndogo, ya aibu kidogo:
kila usiku, pima moja ya uzi.
Nanyoosha mikono miwili, huku na huku,
kama mvuvi anayesimulia samaki aliyemponyoka,
nakata, nalamba ncha, natunga.
Ukiisha, umeisha. Hata nikiwa katikati ya pindo.
Hata nikiwa na hamu. Hasa nikiwa na hamu:
ibaki kidogo, ya kuamkia.

Kuna usiku sikushona kitu.
Nilitunga uzi tu, nikachomeka sindano kwenye pazia,
nikalala. Na huo nauhesabu.
Kuna usiku niliihamisha chupa ya chai,
nikatia tone la mafuta kwenye gurudumu,
nikalizungusha kwa kiganja, tupu, bila kitambaa,
niusikie mlio wake.
Kuna usiku bobini iliniponyoka, ikabingirika,
na cha mvunguni mnajua kinavyotaka.
Niliinama. Nikaikuta imelala
na ile subana niliyomsingizia mpangaji wa zamani.
Nikacheka peke yangu, kifudifudi kwenye saruji.
Mungu amsamehe nani? Mimi.

Majuzi umeme ulikatika, na wadudu wa ziwani wakaja,
wingu zima, moshi usio na moto,
wakajaa kwenye mwanga wa simu, kwenye chai, kwenye nywele.
Nilikuwa nimebakiza shubiri moja ya uzi.
Nikaimaliza kwa kupapasa.
Asubuhi nikaona mdudu mmoja
nimemshonea ndani ya pindo, bawa moja nje.
Nikatafuta wembe nifumue.
Kisha nikamwacha. Gauni nalo
linahitaji shahidi.

Na kile kiuno kipya?
Nimeongeza ukanda wa kitenge cha njano
kilichobaki kwenye foronya.
Rangi hizo mbili hazina udugu, lakini zinasalimiana.
Jana Kwandu amelijaribu juu ya sare,
mkono wa kushoto bado haujatiwa,
akazunguka mara moja mbele ya kioo cha kabati,
bega moja wazi kwa ubaridi wa ziwa.

"Lini, mama?"

Nikanyoosha mikono yangu miwili, huku na huku,
vidole vikinuka sangara, vimefika leo mapema.
"Pima saba," nikamwambia.
"Labda nane, ukirefuka tena."