Dirisha la Kaskazini

Zima taa ya dari, Tsiala ananiambia,
inaupaka mchuzi rangi ya mgonjwa.
Tunabeba meza hadi dirisha la kaskazini,
lile linalotazama karakana ya treni na theluji ya jana,
theluji isiyodai hata senti kwa mwanga wake.

Vifaa vyetu: simu ya marehemu mjomba Otari,
kioo kimepasuka kutoka pembeni kama mto kwenye ramani;
kifuniko cha boksi la viatu, cheupe kwa ndani;
kijiti cha kuchokolea meno.
Basi.

Kwanza nafuta lenzi kwa upindo wa shati.
Hapo hapo nusu ya ukungu
niliokuwa nikiulaumu mji wa Kutaisi
unaondoka.

Maharage ndani ya chungu hayapigiki picha kirahisi.
Ni kahawia juu ya kahawia, ndani ya kahawia.
Tsiala anayainamia, anayasemesha: jitokezeni.
Kwa kijiti anayageuza yaliyolala kifudifudi.
Anadondosha punje tatu za komamanga,
anaondoa moja.
Jani la giligilani, lakini siyo katikati;
katikati ni mahali pa mhuri wa serikali.

Nashikilia kifuniko upande wa kivuli.
Kivuli hakikimbii, kinalegea tu,
kama mwenye hasira aliyeshikwa bega.
Simu naiegemeza kwenye mtungi wa achari,
natoa pumzi, nabonyeza.
Mkono ukitetemeka, kila harage lina pacha.

Karibu zaidi, anasema. Karibu zaidi.
Usivute kwa vidole, mvivu wewe,
sogea kwa miguu.

Mkate wa jibini ndio hausubiri mtu.
Umetoka kwenye oveni mpya ukichemka,
kiini cha yai kinatikisika
kama jicho la mtu aliyeamshwa ghafla.
Una dakika mbili kabla haujawa mpira.
Tunapiga ishirini na tisa.
Katika ishirini na nane kuna kidole changu,
au paka,
au mvuke umelala upande usiotakiwa.

Imebaki moja.
Mwanga umeingia kwa ubavu,
siagi inateremka ukingoni bila haraka,
na nyuma yake, bila kupangwa,
mkono wa Tsiala ndio kwanza umeiachia sahani,
unga kwenye kiwiko, vidole wazi.

Nataka kuukata ule mkono.
Picha ni ya menyu, namwambia, siyo ya ukoo.
Kumbe ameshaituma Bari, kwa mama,
ambaye huko humwogesha na kumlisha kikongwe wa watu
kwenye nyumba yenye sahani za kaure
ambazo hakuna anayezilia.

Jibu linaingia usiku, tukisugua masufuria.
Hasemi lolote kuhusu jibini,
wala mwanga, wala kifuniko changu cha boksi.
Anauliza tu:
Tsiala, pete umeiuza lini?