Chini ya Mstari

Miaka kumi na mmoja wodini nilikuwa mwenyeji.
Wagonjwa ndio waliobisha hodi,
kwa king'ora, kwa machela, saa nane za usiku,
nami nikawafunga kitambulisho cha plastiki mkononi
nikawaonyesha kitanda. Kitanda changu. Shuka zangu, taa zangu.

Sasa nina miaka thelathini na sita, mwanafunzi tena,
na begi lenye mizani ya kupimia watoto.
Nimesimama kwenye mvua ya Septemba,
mtaa wa Heol Garreg, bondeni, kusini mwa Wales,
namba kumi na nne.
Pazia la dirishani limetikisika.
Mlango kimya.

"Bisha tena, Heledd," asema Morfydd, mkufunzi wangu.
"Si kama polisi. Si kama mdai kodi.
Bisha kama mtu atakayerudi kesho."

Hilo halimo katika vitabu vya uzamili.
Vitabuni mna grafu, mna nadharia nne za kubadili tabia,
mna insha ya maneno elfu nne kuhusu mapafu ya watoto
niliyoiandika usiku, meza ya jikoni, na soksi za mume wangu miguuni,
nikarudishiwa na Dakta Bebb kwa alama hamsini na mbili
na swali moja la penseli:
"Kiasi nimekiona. Asili iko wapi?"

Nililia kidogo, nakiri. Halafu nikakumbuka
hesabu za sehemu, darasa la nne:
juu ya mstari kiasi, chini ya mstari asili.
Juu, wale waliokohoa wakaletwa kwangu.
Chini, wote.
Wote wanaolala mtaa huu,
wanaokohoa na wasiokohoa bado.
Miaka kumi na mmoja nimeishi juu ya mstari
nikidhani ndio ulimwengu.

Tegan alifungua mara ya tatu.
Miaka kumi na tisa, kitaulo begani,
na jicho lililosema: mmekuja kunikagua.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga,
ila wahenga hawakuja na fomu ya kurasa sita.

Nilimpima mtoto kwenye zulia: kilo nane na gramu mia.
Nilimjua. Kwa kidevu nilimjua. Osian.
Januari nilimshikia barakoa ya mvuke,
nikamsifu alipopumua, nikamruhusu
kwa tabasamu na chupa ya dawa.
Machi tena. Mei tena.

Morfydd hakusema neno.
Alikisukuma kitanda cha mtoto kwa nyonga,
akaweka kiganja ukutani,
akanigeuzia:
cheusi, kimeloa,
kinanuka gunia la viazi lililosahauliwa.

Basi huku ndiko nilikokuwa nikimrudisha.
Nilidhani natibu, kumbe naukopesha ukuta.

Tangu hapo nimebisha hodi nyumba ishirini na mbili.
Namba thelathini walinifukuza kabla sijataja jina.
Bwana Pugh wa namba mbili, asiye na mtoto wala mjukuu,
alinieleza habari za njiwa wake dakika hamsini
ndipo akanionyesha chumba cha nyuma.
Tisa. Nyumba tisa zina ukuta huo.

Barua ya kwanza kwa idara ya nyumba haikujibiwa.
Ya pili ilijibiwa: wapangaji wafungue madirisha.
Ya tatu naiandika sasa, na safari hii ina asili yake,
tisa juu, ishirini na mbili chini,
na mstari wa katikati nimeuchora kwa rula,
nikaukoleza.

Mtihani ni Juni. Ukuta, sijui lini.

Jumanne nilikwenda peke yangu. Mvua ileile.
Nikainua mkono nibishe, na mlango
ulikuwa umeegeshwa tu.
"Wewe tena," Tegan akasema kutoka jikoni.
"Vua viatu. Osian amelala."